Nilihamisha Kitanda Ili Baba Mkwe Aingie

Nilipowaacha juma lililopita, wasomaji wangu, nilikuwa nimesimama katikati ya chumba chetu cha kulala na plasta kwenye nywele. Kilonzo, yule fundi wa sokoni Matiliku aliyeniapia kwamba ukuta wake utadumu hadi wajukuu wangu waolewe, alikuwa ameupiga plasta Jumatatu. Kufikia Alhamisi plasta yote ilikuwa sakafuni, na Kilonzo alikuwa hashiki simu.

Kwa anayeufungua ukurasa huu leo kwa mara ya kwanza, mimi naitwa Nzilani. Mzaliwa wa Tulia kule Kitui, nimeolewa huku upande wa Matiliku. Mume wangu Mbaluka anafanya kazi Kiboko na huja nyumbani Ijumaa. Tunakaa katika nyumba ya zamani ya baba yake: sebule, chumba kimoja kikubwa cha kulala, na stoo ya mahindi na ndengu. Ni ya matofali ya kuchoma na mabati yenye kutu. Baba mkwe aliijenga kwa mikono yake, akaishi humo miaka thelathini, kisha akajenga nyingine ng'ambo ya boma na kutuachia hii.

Tangu Machi naikarabati kidogo kidogo, watoto wawili wakiwa miguuni. Kila nikitengeneza kimoja, viwili vinaharibika.

Sebule nimeshamaliza, kama mnavyokumbuka. Ina rangi ya krimu na alama za mikono ya watoto ukutani, ambazo sikuzipanga, ila wageni wanazisifu na mimi nanyamaza. Sakafu ni nyekundu, inang'aa vizuri, na karibu na mlango kuna maharagwe sita yaliyokaukia ndani ya simiti. Binti yangu Mbithe ana miaka mitatu, na siku ile alidhani tunapanda.

Kilichobaki kilikuwa chumba cha kulala. Kilikuwa na ufa kutoka pembe ya dirisha hadi sakafuni, mkono wa Mbithe unaingia na kutoka. Mvua ya Novemba ilikuwa karibu, na sote wanne tulilala humo.

Nilitaka kitu kimoja tu. Nilitaka chumba changu, chenye ukuta mzima na rangi niliyochagua mwenyewe, ndani ya nyumba ambayo kijiji kizima bado kinaiita ya Mzee Kyule. Miaka minane ya ndoa na bado naishi kama mgeni aliyeazimwa kiti. Nilikuwa nimechoka.

Sasa, mtu anayeujua ukuta ule kuliko wote ni Mzee Kyule mwenyewe, baba mkwe wangu. Amejenga shule, amejenga makanisa, mikono yake inajulikana hadi Wote. Na anakaa hatua hamsini kutoka mlangoni kwangu.

Lakini hawezi kuingia.

Mkamba yeyote anayesoma hapa ameshaelewa. Wengine niwaambie: tuna kitu kinaitwa nthoni, ile heshima na haya baina ya wakwe. Baba mkwe haingii chumba anacholala mke wa mwanawe. Hatazami kitanda chake na wala hakitaji. Kwa jinsi mzee wangu anavyojiheshimu, ni kana kwamba hana habari kuwa mimi hulala kabisa. Chumba walimozaliwa watoto wake sita kilifungwa kwake siku niliyoingiza godoro langu.

Ijumaa ile baada ya plasta kuanguka, mzee akaja. Alikuwa ameisikia ikishuka. Akaleta kigoda chake, akakiweka nje chini ya dirisha la chumba, akakaa akilipa dirisha mgongo. Mjumbe wetu alikuwa mwanangu wa miaka sita, ambaye naye ni Kyule, amebeba jina la babu yake. Ndiyo sababu kumgombeza kwangu ni kazi ya akili. Nikisema kwa sauti kwamba Kyule ana kichwa kigumu, kuna mtu mzima ng'ambo ya boma anayekohoa.

Mzee akauliza ufa una urefu gani. Mjumbe akaingia, akautazama, akatoka na kuripoti kwamba unafika Nairobi. Mzee akauliza vumbi ni la rangi gani. Mjumbe akarudi na jibu kwamba mama ana vumbi puani.

Hapo mzee akamwambia akae chini. Kisha nikasikia kitu kikigonga ukuta kutoka nje, ko, ko, ko, taratibu, kikishuka. Alikuwa anagonga kwa mpini wa mwiko wake.

Nikaelewa. Nikachukua kijiko cha mbao, nikagonga kutoka ndani pale ufa ulipo. Akasogea. Nikamfuata. Tukashuka hivyo na ukuta hadi chini, yeye nje, mimi ndani, bila neno. Sijui kama niliwahi kuongea na baba mkwe vizuri hivyo katika miaka minane. Nilijikuta natabasamu peke yangu na kijiko mkononi.

Kisha nikasikia sauti yake: "Hiyo ukuta haitaki simiti."

Nikamtuma Kyule akaulize inataka nini. Akarudi mbio. "Umau amesema mpaka aione."

Na Umau, yaani babu yake, akabeba kigoda chake akaenda zake.

Wasomaji, nililala nalo neno hilo siku tatu. Mpaka aione. Ataionaje na mimi nalala humo? Jumatatu usiku haukuisha kabla sijapata jibu, na nilijiona mwerevu kuliko watu wote wa kaunti mbili.

Jumanne asubuhi nikamwita jirani yangu Kaluki. Tukatoa magunia ya mahindi na ndengu stoo, tukayapanga sebuleni nyuma ya kochi na kuyafunika kwa shuka. Tukabeba kitanda chetu, tukakiingiza stoo. Kule kwenye chumba kikubwa tukaweka godoro la watoto, tukatundika sare za shule za Kyule kwenye msumari, na Mbithe akaleta mdoli wake asiye na kichwa akamlaza katikati. Kaluki aliuliza mara mbili kama Mbaluka anajua. Nikamwambia Mbaluka atajua Ijumaa.

Kisha nikavuka boma. Mzee alikuwa kivulini anapaka mafuta mpini wa nyundo. Nikamsalimu, nikasimama mbali kidogo, macho chini.

"Baba, ile chumba sasa ni ya watoto. Ni ya Kyule na Mbithe."

Mzee akatazama viatu vyake. "Tangu lini?"

"Tangu leo."

Akapaka mafuta kidogo tena. "Na zile vitu zingine?"

Zile vitu zingine ni kitanda changu. Hangekitaja hata angeshikiwa panga.

"Zimehama, Baba."

"Zimehama," akasema. Hakuuliza zimehamia wapi. Nami sikumwambia, kwa kuwa mkaza mwana hamwelezi baba mkwe anakolala. Tulikaa hapo wote wawili na adabu zetu, kila mmoja akimwonea mwenzake haya.

Mwishowe akasema, "Watoto walale kwanza. Chumba si ya mtu mpaka alale ndani."

Wakalala. Jumatano saa mbili asubuhi mzee akafika amevaa ovaroli safi iliyopigwa pasi. Akasimama mlangoni mwa chumba. Kyule akamshika mkono akamwambia, karibu kwangu. Mzee akavua kofia, akaingia.

Mimi nilikuwa sebuleni nachagua ndengu, nyuma ya magunia, sionekani. Nilimsikia akitembea polepole. Akamwonyesha mjukuu wake mahali kitanda chake kilipokuwa, na mahali baba yake Mbaluka alipozaliwa mvua ikinyesha, na msumari aliokuwa akitundikia koti. Kisha akapenga kamasi kwa nguvu na kusema vumbi la Kilonzo ni baya.

Alifanya kazi siku tatu. Aliikwangua simiti yote iliyobaki ndani ya ufa. Akachimba udongo wa kichuguu kule shambani, akauchekecha na watoto, akauchanganya na chokaa, akaujaza ufani kwa vidole. Akapigilia wavu wa kuku juu yake, halafu akapiga plasta nyembamba. Aliimba nyimbo za kanisa kutwa. Mbithe alikuwa mweupe kwa chokaa kutoka nywele hadi kucha, na kila jioni nilimwosha nikapata mtoto yule yule.

Ijumaa mchana ukuta ulikuwa umenyooka kuliko mambo yote maishani mwangu.

Sasa hapa ndipo ninapoungama. Sikuwa na nia ya kuwaachia watoto chumba kile. Mpango wangu ulikuwa kwamba mzee akikusanya tu vifaa vyake, kitanda changu kirudi na watoto waende stoo. Nilikuwa nimeshachagua rangi, ile ya chai yenye maziwa mengi. Chumba kingekuwa cha Kyule kwa siku tano, na baba mkwe angekuwa ameingia bila kosa. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya.

Kumbe mambo yalikuwa yameshanipita.

Alhamisi, mama mkwe wangu alikuja na jogoo. Mwaitu, ndivyo ninavyomwita, si mtu wa kuja na jogoo. Akanishika mikono yote miwili. Akasema katika boma zima hakuna mke aliyewahi kuliheshimu jina la mzee namna hii, kumpa Kyule chumba kikubwa na yeye mwenyewe kujibana. Akalia. Kisha akaniarifu kwamba ameshawaambia akina mama wa kanisa, na Jumapili baada ya ibada wanakuja kukiombea chumba.

Nikampigia mama yangu huko Tulia ili anitulize. Nikamweleza mpango wote. Kisha akauliza kwa sauti ya chini kama najua nitakachokuwa nimefanya nikirudisha kitanda mle. Nitakuwa nimemwingiza mzee chumbani mwangu na kumfanya afanye kazi humo siku tatu. Hiyo ni mbuzi wa faini, na wazee, na jina la ukoo wetu midomoni mwa watu. Akakata simu kabla sijamuaga.

Ijumaa jioni mume wangu akawasili kutoka Kiboko, si kwa mguu kama siku zote, bali ndani ya pikapu. Nyuma ya pikapu kulikuwa na kitanda kipya. Futi sita kwa sita, mbao nzito, ubao wa kichwani umechongwa maua. Alikuwa amemwagiza fundi mmoja kule miezi miwili iliyopita, kimya kimya, kwa ajili ya chumba changu kipya.

Nilimpenda sana Mbaluka dakika ile, na nilitamani ardhi ipasuke.

Nilimweleza kila kitu tukiwa tumesimama kando ya pikapu. Alicheka mpaka akaegemea gurudumu. Nilipomwambia kwamba nilikusudia iwe kwa muda tu, akafuta macho akanitazama kwa huruma.

"Baba akishaingia hapo, hiyo imekwisha," akasema. "Hiyo chumba utaiona tu ukienda kufagia."

Jumamosi asubuhi tukakitoa nje kile cha zamani, tukakifungua kitanda kipya vipande vipande, tukakiunga tena ndani ya stoo. Kiliingia. Waliokosa nafasi ni sisi. Kinagusa ukuta huku na kinagusa ukuta kule, na mlango unafunguka kiasi cha mtu kupita kwa ubavu, akiwa ameshusha pumzi. Ukiingia, umeshafika kitandani. Mbaluka alitaka kipendeze hata hivyo. Akachukua misumari minne mirefu, akakikaza kile kichwa chenye maua kwenye ukuta wa nyuma. Kyule na Mbithe wakarukaruka juu yake hadi saa sita, na lazima niseme kweli, nyumba nzima ilikuwa inacheka na mimi nikiwemo.

Baada ya chakula Mbaluka akaingia stoo na Mbithe kulala. Kyule alikuwa kwa bibi yake. Mawingu yalikuwa yamekusanyika upande wa milimani, jua limefifia.

Nikaona siwezi kuketi na uongo huu mpaka akina mama waje waombee. Nikavuka boma.

Mzee alikuwa barazani kwake anasafisha miiko yake mitatu. Nikapiga magoti kabisa. Nikamwambia yote bila kupumzika, kwamba nilihamisha kitanda ili aingie, kwamba nilitaka kukirudisha, kwamba sikulifikiria jina lake hata kidogo, nilifikiria ukuta.

Hakukasirika. Aliendelea kufuta mwiko kwa kitambaa.

"Nilijua," akasema. "Mtu hapeani chumba kubwa Jumanne asubuhi bila sababu."

Akachukua mwiko wa pili.

"Na mimi nina yangu, Mama Kyule. Hiyo dawa ya udongo na chokaa, ningemwambia Kilonzo kwa dirisha, hata yeye angeweza. Hata wewe. Ni kitu ya dakika mbili kueleza." Akauweka mwiko chini. "Nilitaka tu kuingia ndani ya nyumba yangu mara moja tena."

Wasomaji, nilicheka na machozi yakanitoka papo hapo. Naye alicheka, mabega yakitikisika, bila sauti. Tulikuwa tumedanganyana vizuri, na hakuna aliyemdai mwenzake mbuzi. Nikajisikia mwepesi. Kwa mara ya kwanza nilihisi nimeolewa katika boma lile na si kupangishwa.

Tone la kwanza likagonga mabati, kisha la pili. Mzee akainua uso akasikiliza, kama mtu anayesikiliza jina lake likiitwa. Kisha akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya. Akatazama pembeni, kule kwenye kuku, akauliza.

"Sasa nyinyi mmehamia wapi?"

"Stoo, Baba."

Akageuka akanitazama usoni. Miaka minane, na hajawahi kunitazama usoni.

"Stoo gani?"

"Hiyo ya nyumba. Tulitoa magunia."

Akasimama. Akaniambia haraka, kwa sauti ya chini, na kila neno lilionekana kumtia aibu. Kwamba stoo aliijenga mwisho, mwaka wa ule ukame mkubwa. Maji yaliletwa na punda kutoka mbali, hata ya kunywa hayakutosha. Kwa hiyo hakuyalowesha matofali, na udongo aliuchanganya kwa maji kidogo mno. Ukuta wa nyuma ulisimama, lakini ulisimama mkavu, matofali hayakuwahi kushikana. Yeye, fundi wa makanisa, hakumwambia mtu. Miaka yote hiyo hakuruhusu mtoto wake hata mmoja alale mle.

"Nikasema iwe stoo," akasema. "Gunia ikiangukiwa haifi. Mmegusa huo ukuta wa nyuma?"

Nikafikiria ile misumari minne mirefu. Nikafikiria watoto wakiruka asubuhi nzima.

"Tumepigilia kitanda," nikasema.

Neno hilo nililitamka mbele ya baba mkwe wangu, na wala hakuna aliyelijali.

Mvua ikashuka yote kwa pamoja. Nilikimbia nikavuka boma, viatu vikabaki nyuma. Nikaingia sebuleni, nikaruka magunia, nikausukuma mlango wa stoo. Ulifunguka upana wa mkono ukagota. Kitanda kilikuwa kimesukumwa na ukuta wa nyuma, kimejaa mlangoni. Kupitia mwanya ule niliona mguu wa Mbithe ukining'inia, na mkono wa Mbaluka juu yake, wote wamelala fofofo. Nyuma ya maua yaliyochongwa, vumbi jekundu lilikuwa linashuka taratibu kwenye mto.

Nikamwita Mbaluka. Mvua kwenye mabati ikalimeza jina lake. Nikasukuma kwa bega, mlango haukusogea hata unywele.

Kisha nikasikia hatua nzito, zenye maji, zikivuka sakafu yangu nyekundu hadi nyuma yangu. Zikasimama mlangoni mwa chumba ninacholala, ambapo hazikuwahi kufika tangu niolewe.

"Mama Kyule," mzee akasema, "sogea."